Kengele ya Kitandani kwa Mama

Mama yangu alikuwa na karibu ya kusikika mpaka kwa majirani wa nyuma. Mtu akipiga hodi barazani kwetu, hata kama mama yuko uani anapepeta mchele, jibu lilimfikia kabla hajavuta pumzi. Na katika karibu hiyo ulijua kama amefurahi, kama ana haraka, au kama amekumbuka neno ulilomwambia juzi likamkera. Kuna wanawake waliokuwa wakikiri kwamba wanapita kwetu wakitoka sokoni ili wakaribishwe tu, kisha waendelee na safari zao.

Kisha akapooza. Ilikuwa miaka ya hamsini, na mimi nilikuwa msichana niliyemaliza shule ya misheni, nimebaki nyumbani kulima. Baba alikuwa amekwisha kufariki. Tulikuwa wawili tu ndani ya nyumba ile ya Ifakara, ambayo mama aliikandika udongo kwa mikono yake mwenyewe. Asubuhi moja aliamka upande wake wa kulia haumtii na ulimi umekuwa mzito. Hospitalini walimtunza vizuri, akarudi na macho yake makali yaleyale, akili yake yote, na mkono wa kushoto ulioweza kushika kijiko kwa shida. Sauti haikurudi.

Uuguzi niliuweza. Nilimwosha, nikamgeuza, nikamlisha uji, nikaenda shambani ng'ambo ya mto Lumemo, nikarudi jua likiwa kichwani kumgeuza tena. Kilichonishinda ni hodi. Kwetu hodi isiyojibiwa ni sawa na mlango uliofungwa. Unapiga, unangoja, unapiga tena, usipokaribishwa unashika njia. Basi watu walikuja kumwona mgonjwa, wakapiga hodi, wakasikia kimya, wakaondoka. Nilikuwa nakutana nao njiani wakirudi na mkungu wa ndizi kichwani.

"Tumepita kwenu, hamkuwepo," walisema.

"Mama yupo. Atakwenda wapi?"

"Tumepiga hodi, mwanangu, hatukujibiwa."

Wengine walifanya baya zaidi. Walifikiri, huyu hawezi kujibu, ya nini kungoja, wakaanza kuingia moja kwa moja hadi chumbani. Siku moja mzee mmoja wa kanisa alimkuta khanga imemteleza mwilini na mkono wake hauwezi kuivuta. Alitoka haraka akiomba radhi mpaka barabarani. Nilipofika nilimkuta mama ameugeuzia ukuta uso wake, mto umelowa. Mama hakuwa mtu wa kulia. Hata baba alipokufa alilia siku ya maziko tu, kisha akashika jembe.

Habari hizo zilipanda mlima zikamfikia mjomba wangu kule Mahenge. Mjomba ni mdogo wake mama, mtu mwema na mwenye amri. Alituma neno kwa msafiri mmoja kwamba masika yakiisha na barabara ikikauka atakuja na wanaume wa kubeba machela, amchukue dada yake akauguzwe nyumbani kwao. Mgonjwa, alisema, hawezi kukaa katika nyumba ambayo hodi haijibiwi.

Msafiri alilisema neno hilo chumbani, mbele ya mama. Mkono wake wa kushoto ukashika kamba ya kitanda, ukaikaza, na hata msafiri alipokwisha kuondoka ulikuwa haujaiachia. Ilinibidi nivifungue vidole vyake kimoja kimoja. Nikamwambia, "Huendi popote, mama." Nililisema kwa hasira, maana hasira ninayo, nimezaliwa nayo, na sikujua bado nitafanya nini.

Jambo lenyewe lilianzia kwenye tochi. Tochi ya baba ilikuwa ikining'inia ukutani tangu msiba. Swichi yake ilikufa, nami kwa ubishi nikaifungua yote, nikaitandaza kwenye mkeka: mawe mawili ya betri, globu, springi, na kipande cha bati kilichopita ubavuni. Nilitaka tu iwake. Nikajaribu kuunganisha kwa waya wa kufungia magunia. Nikaunga upande mmoja wa jiwe na globu, haikuwaka. Nikaunga upande wa pili peke yake, haikuwaka. Ilichukua jioni nzima kuelewa kwamba umeme hautaki njia ya kwenda tu, unataka na ya kurudi, kama kivuko chetu cha Kilombero ambacho kikikwama ng'ambo hakuna anayesafiri. Nilipouzungusha waya ukaondoka kwenye jiwe, ukapita kwenye globu, ukarudi kwenye jiwe, ikawaka.

Nikarefusha waya. Nikaiweka globu mlangoni, mimi nikabaki karibu na kitanda cha mama na mawe yangu. Nikigusanisha waya hapa, taa inawaka kule. Mama aligeuza macho kutoka mkononi mwangu hadi mlangoni, akarudi tena mkononi. Nikarudia mpaka mawe yakachoka, na tangu jioni ile sikuweza kufikiri kitu kingine.

Picha niliipata dukani. Chumvi ilifungwa katika ukurasa wa gazeti la Kiingereza, na kwenye ukurasa huo Mzungu mwenye kofia amesimama mlangoni, kidole chake kimebonyeza kitufe, na ndani ya nyumba kengele inalia. Pembeni walichora matumbo ya kengele: msumari uliozungushiwa waya, bamba la chuma, nyundo ndogo, skrubu. Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea maji, lakini mchoro hauna lugha. Nikaona dawa yetu hiyo hapo. Mgeni atabonyeza mlangoni, mama atasikia, atavuta khanga yake taratibu kwa mkono wa kushoto, kisha mgeni ataingia. Hodi yenyewe haitahitajika.

Nikaenda kwa fundi baiskeli wa karibu na soko, kijana mcheshi aliyezoea kuwatania wanawake wote wanaopita.

"Dada, leo umekuja kunikubalia?"

"Nimekuja kutaka dinamo iliyokufa na kengele mbovu."

"Na magurudumu?"

"Magurudumu baki nayo."

Alicheka, akachakura kwenye kikapu chake cha vyuma, akanipa. Ndani ya dinamo mlikuwa na waya mwembamba wa shaba, nikaufungua kwa uangalifu kama mtu anayefumua sweta ya kanisani, nikauzungushia kwenye boliti nene. Kulingana na mchoro, boliti ilitakiwa igeuke sumaku umeme ukipita. Nikagusisha kwenye mawe. Hapana. Nikaweka mawe mapya. Hapana. Nikafumua, nikazungusha upya safari hii kwa kubana zaidi, vidole vikachubuka. Hapana. Wanawake kisimani walikuwa wamekwisha pata habari, wakaniuliza kama nimeacha kulima nikawe fundi, na nani ataoa msichana mwenye mikono myeusi ya grisi. Niliwajibu maneno ambayo siyaandiki hapa.

Nikarudi kwa fundi na boliti yangu. Akautazama waya, akaukwaruza ncha kwa kisu, ukabadilika rangi kutoka kahawia hadi nyekundu inayong'aa.

"Umepakwa vanishi huu," akasema. "Umeme utapenyaje?"

Nikamnyang'anya kisu nikakwaruza ncha ya pili mwenyewe palepale kwenye benchi lake. Nilipogusisha kwenye mawe, boliti iliokota misumari midogo ya viti, ikaning'inia, na nilipoachia ikadondoka yote. Tukarudia mara nyingi kama watoto, yeye akiokota misumari, mimi nikiivuta.

Kengele yenyewe ilinichosha kuliko kilimo. Kanuni yake ni rahisi. Umeme ukipita, boliti inavuta bamba, na nyundo inagonga kikombe cha kengele. Lakini bamba likivutwa linaachana na skrubu, umeme unakatika, boliti inaliachia, bamba linarudi kwenye skrubu, umeme unapita tena. Hivyo inagonga na kugonga bila kukoma. Kanuni ndiyo hiyo. Kazi ni ile skrubu. Ukiikaza kidogo zaidi, bamba linaganda. Ukiilegeza, halifiki. Bamba nililikata kwenye kopo la maziwa, likajikunja. Nikalikata lingine, likakosa nguvu ya kurudi. Mwishowe nikapata kipande cha springi ya saa mbovu. Mchwa wakala ubao wangu wa kwanza. Nikautengeneza wa pili kwa mbao ya mninga, nikawaambia mchwa wajaribu tena.

Siku ilipolia, mama alishtuka kitandani, kisha upande wa mdomo wake uliobaki mzima ukatabasamu. Nikafunga kitufe kwenye mwimo wa mlango, nikapitisha waya juu ya ukuta, nikaiweka kengele kando ya kitanda chake. Nikawaeleza majirani wote. Bonyeza, ngoja kidogo, ingia. Walibonyeza kwa furaha, na watoto walibonyeza mpaka nikawafukuza kwa fimbo.

Haikusaidia kitu. Watu wazima walibonyeza, wakasikia kengele inalia ndani, kisha wakasimama. Wakangoja. Walikuwa wakingoja karibu. Niliwaambia wasiingoje, wakaitikia kwamba wamesikia, na kesho yake wakangoja tena. Mguu wa mtu mwenye adabu hauvuki kizingiti kwa ruhusa ya chuma. Na wale wasio na adabu, wao walibonyeza na papo hapo wakawa chumbani. Zaidi ya hayo, wengi walisahau kitufe kabisa, wakapiga hodi kwa mdomo kama walivyofundishwa na mama zao.

Nilikuwa na hasira ya kuvunja vitu. Mpunga ulikuwa umeanza kuinamisha vichwa, mvua zinapungua, na mjomba hakuwa mtu wa kusahau ahadi yake. Asubuhi moja nilikuwa nimeketi sakafuni chumbani kwa mama, nimeshika plaizi, natafuta nani wa kumlaumu, ndipo jirani mmoja akapiga hodi nje. Sikujibu. Nilitaka nione kama atabonyeza.

Hakubonyeza. Akapiga hodi mara ya pili. Na katika kimya kile nikasikia kitu kidogo juu ya kichwa changu, ta, ta. Nikainua macho. Mkono wa kushoto wa mama ulikuwa ukigonga ubao wa kitanda. Hodi ya tatu ikaja, mkono ukagonga tena, ta, ta, na macho yake yakiwa mlangoni. Mlio ule hata mimi niliyekaa chini yake niliusikia kwa taabu.

Miezi yote hiyo mama alikuwa akijibu. Kila aliyekuja alikaribishwa, na kila aliyeondoka alimwacha katikati ya karibu yake. Nikapiga kelele, "Karibu, mama anasema karibu," kwa sauti iliyomtisha jirani wa watu, kisha nikajilaza kifuani kwa mama nikalia nilivyotaka.

Siku hiyohiyo nikang'oa kila kitu. Mzungu wa kwenye gazeti alikuwa na shida yake, sisi tuna yetu. Nyumba yetu haikukosa hodi, ilikosa jibu. Kengele nikaitoa nje, nikaigongomea juu ya mlango wa baraza, na kitufe nikakileta kitandani, chini ya kiganja chake.

Hapo ndipo ugumu wa kweli ulipoanza, kwa sababu kitufe kilichobonyezwa kirahisi na kidole cha jirani kilikuwa kizito kwa mkono wa mama. Alisukuma mpaka jasho likamtoka. Kilikuwa cha bati; nikalipunguza bati hilo, nikalipunguza tena. Kikawa chepesi hata kengele ikalia panya alipopita. Kisha unyevu wa mvua za mwisho ukaingia, bati likapata kutu, umeme ukakataa. Nikasugua kwa mchanga, kutu ikarudi. Nikapasua kichwa juu ya jambo hilo, mpaka nikakumbuka zile senti zenye tundu katikati, ambazo zilikaa ndani ya mtungi wetu miaka na miaka bila kupata kutu. Nikapigilia senti moja kwenye kibao, nyingine nikaifunga kwenye kipande kilichobaki cha springi ya saa, zikatazamana. Mama alilaza kiganja juu yake, akakishusha kwa uzito wa mkono tu, bila kusukuma. Nje barazani kengele ikalia.

Tukakubaliana mlio mmoja ni karibu. Nilimwambia tutatengeneza na mingine, ya kuomba maji, ya kuniita, ya kukataa. Alifumba macho, namna yake ya kusema baadaye. Huo mmoja ulimtosha kwanza. Alitaka kuutumia.

Na aliutumia. Watu walipiga hodi, kengele ikalia, wakaingia wakiinamisha kichwa wakisema asante, kama zamani. Hata wale wa kujiingilia walikoma, kwa kuwa sasa kulikuwa na mtu wa kuwaruhusu, na wasiporuhusiwa walisimama nje. Maana alikuwapo mwanamke mmoja mwenye umbeya ambaye mama hakumpenda tangu enzi za baba. Huyo alipiga hodi mpaka akachoka, na kengele haikulia. Nilidhani waya umekatika. Nikakimbia chumbani, nikamkuta mama ameondoa mkono kwenye kitufe na kuuweka tumboni, anatazama dari.

Mjomba alifika wakati wa mavuno. Nilikuwa uani natwanga, mawe ya tochi nimeyatoa kuyaanika juani kwa kuwa yalikuwa yamechoka, na mapya yalikuwa hayajafika dukani. Niliona kwanza wanaume wanne na machela, kisha yeye, amevaa koti. Nilitupa mchi. Nikayazoa mawe juani, ya moto, nikapita mlango wa nyuma, nikayapachika na kufunga waya. Nikamwambia mama, "Mjomba." Alikwisha jua. Mkono wake ulikuwa tayari juu ya senti.

Nikatoka kumpokea.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Dada yangu anaendeleaje?"

"Yuko ndani."

"Nimekuja kumchukua. Usilie, na wewe utakuja, utakaa na mama zako wadogo." Akapanda barazani mpaka mlangoni. Mimi nikasimama pembeni, sikumwambia kitu. Mtoto wa watu wa Mahenge, amelelewa vizuri, asingeweza kuingia kwa dada yake mkubwa bila hodi.

"Hodi hapa," akasema.

Kimya. Nilihesabu makosa yote ninayoyajua: waya umechomoka, mawe yamekufa, skrubu imelegea.

"Hodi, dada."

Kimya tena. Akanigeukia na uso wa huruma, uso wa mtu aliyethibitisha alichoambiwa. Akafungua mdomo kuwaita wabebaji.

Kengele ikalia juu ya kichwa chake. Aliruka nyuma, kofia ikamwanguka.

"Kitu gani hicho?"

"Ni mama," nikasema. "Amesema karibu."

Akatazama juu, akaufuata waya kwa macho mpaka ulipoingilia juu ya ukuta. Akaokota kofia, hakuivaa. Akaingia taratibu akisema asante, nami nyuma yake. Mama alikuwa amelazwa vizuri, khanga imefika kifuani, na anamtazama mdogo wake kwa macho niliyoyajua. Alimchelewesha makusudi. Tangu udogo wao, niliambiwa baadaye, mjomba alikuwa hajui kungoja.

"Shikamoo, dada."

Kiganja kikashuka, kengele ikalia nje.

Mjomba akaketi kwenye kigoda. Akaeleza safari yake, barabara, watu wa nyumbani wanavyomsalimu, chumba walichomwandalia. Kisha akainama mbele. "Dada, twende nyumbani?"

Hatukuwa na mlio wa kukataa. Nilijilaumu moyoni kwa hilo, nikatazama mkono wa mama nisijue atafanya nini. Ukashuka. Karibu.

"Sikuelewi, dada. Nakuuliza, twende kwetu?"

Kengele ikalia tena, ileile. Karibu.

Wabebaji walioko nje walidhani wanaitwa, mmoja akachungulia mlangoni. Mjomba akampungia mkono aondoke. Alikaa akiitazama ile senti chini ya kiganja cha dada yake muda mrefu. Nilitaka kueleza, nikajizuia, na nafurahi mpaka leo kwamba nilijizuia.

"Ndiyo," akasema mwishowe, si kwangu. "Nimekaribishwa kwako. Mgeni hambebi mwenyeji." Akavua koti akaliweka magotini, kisha akaniuliza kama nyumba hii haina chakula.

Wabebaji walikula wali na perege wakarudi na machela tupu. Mjomba alikaa nasi mpaka mpunga ukaisha kupurwa, na alipotoka kwenda barabarani alirudi mara mbili kupiga hodi ili aisikie tu.

Alipoondoka kweli, nilibaki barazani. Nyumba ni yangu pia, sikuwa na sababu ya kubisha. Lakini nilishuka hadi uwanjani, nikajifuta miguu, nikapanda tena nikasimama mbele ya mlango.

"Hodi, mama."

Kimya. Nilijua mawe ni mazima, waya ni mzima, na mkono upo mahali pake. Alikuwa ananichelewesha. Nikangoja kama mgeni yeyote, mpaka kengele ikalia, ndipo nikaingia.